Shahidi Aliyezimwa kwa Blanketi

Mtu hutoa zawadi ya kile anachokijua. Mwalimu atakupa kitabu, seremala atakupa kigoda, na Ndoo, sajini wa zimamoto kwa miaka ishirini na miwili, alipanda ndege kwenda harusini na blanketi la kuzimia moto, limefungwa kwa karatasi ya kumetameta na utepe mwekundu. Mke wake alikuwa amemwambia apeleke shuka. Shuka alizipeleka pia, hakuwa mjinga, lakini hizo zilikuwa zawadi ya mke wake. Blanketi ndilo lililokuwa lake.

Jina la Ndoo alipewa na wenzake kituoni, kwa sababu hakuna mahali alipofika asiulize maji yako wapi. Msibani aliuliza. Kwa wakwe aliuliza. Siku ya ndoa yake mwenyewe mshenga alidhani bwana harusi ana kiu, kumbe mwenzake anatafuta bomba. Usimcheke. Ukishaona godoro moja likiteketea ndani ya chumba kilichofungwa, hata wewe utakuwa na maswali yako.

Harusi ilikuwa ya Sauti. Naye hilo si jina la kuzaliwa; wazazi wake, Wahindu wenye duka la miwani mtaa wa pili kutoka kituoni, walimpa jina zuri la kwao. Lakini kwa miaka minane alikaa kwenye chumba cha mawasiliano pale zimamoto, akipokea simu na kuongoza askari kwa redio, na askari aliye ndani ya moshi haoni sura ya mtu. Anasikia sauti.

Ndoo alimjua hasa siku kiwanda cha magodoro kiliposhika moto, mchana kweupe. Aliingia kumtafuta mlinzi ambaye, kumbe, alishatoka zamani na alikuwa ng'ambo ya barabara anakunywa soda. Moshi ukafunga. Tochi haikumwonyesha hata kidole chake. Alizunguka mara mbili akarudi palepale, na hapo akaanza kuwawaza watoto wake, jambo ambalo askari akilianza huwa amekwisha. Redioni ikaja sauti tulivu, kama ya mtu anayekusomea vitu vya kununua sokoni: "Ndoo, hapa kituo. Ramani ninayo mbele yangu. Tafuta ukuta. Uweke kulia kwako, usiuache. Nitakuhesabia." Alimhesabia hatua thelathini na nane. Ndoo alipotoka alikaa chini akalia mbele ya watu, na tangu siku hiyo akamwita dada, naye akamwita kaka.

Baadaye Sauti alihamia ng'ambo kwa shangazi yake, akapata kazi, akapata na mchumba, daktari wa meno, Mhindu mwenzake, mtu mpole mwenye mikono ya baridi. Akapiga simu.

"Kaka, naolewa. Lazima uje."

"Nitakuja hata kwa miguu."

"Na nina ombi. Unajua sina kaka wa tumbo moja. Kwetu, bibi harusi akizunguka moto, kaka yake ndiye anayemtilia bisi mikononi azitupe motoni. Nataka uwe wewe."

Katika maneno yote hayo, Ndoo alisikia moja tu. "Moto gani?"

"Wa ndoa. Mdogo tu."

"Ndani au nje?"

"Ndani, kaka. Ukumbini."

"Nitakuja," Ndoo alisema, na siku hiyohiyo akaenda kununua blanketi.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa kila kitu alichokuwa akikikataza kwenye semina zake za usalama. Zulia ukuta hadi ukuta. Mapazia ya hariri yanayoburuta. Katikati, jukwaa lenye kibanda cha nguzo nne kilichofunikwa maua, nusu yake maua ya karatasi, na chini ya kibanda beseni la chuma lililopangwa vijiti vikavu. Pembeni ya beseni, sufuria ya samli. Ndoo aliitazama ile samli kama mtu anavyomtazama mdeni wake wa zamani. Akaulizia maji, akaonyeshwa bomba la jikoni, akaazima ndoo ya kupigia deki, akaijaza, akaiweka mguuni pa jukwaa. Mfanyakazi wa hoteli akaiondoa. Akairudisha. Ikaondolewa tena. Mara ya tatu aliifunga utepe mwekundu wa zawadi yake, na ikaachwa, maana sasa ilionekana ni sehemu ya mapambo.

Shangazi ndiye aliyekuwa mwenye shughuli. Mwanamke mfupi, miaka thelathini nchi ile, sauti ya kuamuru hata anapokuomba chumvi. Alimkagua Ndoo kuanzia viatu.

"Ndiye huyu kaka?"

"Ndiye," alisema Sauti. Mikono yake ilikuwa na hina hadi viwikoni, hawezi kushika kitu, analishwa tende na binamu.

"Hafanani na sisi hata ukucha."

"Undugu ni kufaana, Shangazi, si kufanana."

"Kufaana sawa. Lakini mtu wa zimamoto kumsimamisha mbele ya moto wa ndoa ni kumpa fisi alinde bucha, na mimi hata nyama sili." Akamgeukia Ndoo mwenyewe. "Sikiliza, baba. Mtoto wa mjomba wake yule pale, amevaa, yuko tayari. Nafasi hii ni ya damu. Umepewa kwa sababu huyu ni mkaidi. Ukikosea kidogo tu, unakaa, na yule anasimama. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Shangazi."

Na hapo ndipo Ndoo alipoona kwamba anaitaka nafasi ile. Kabla ya hapo alikuja kwa sababu ameitwa. Sasa alikuwa kama mtoto anayesubiri kuitwa jina mbele ya darasa. Alitaka, mbele ya watu mia mbili na kumi asiowajua, aonekane kwamba yule ni dada yake.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Ndoo kamba yake ilikuwa kazi yake. Akitafuta choo, alikuta kwenye korido kisanduku chekundu cha kengele ya moto, pacha wa kile cha kituoni kwao. Taa ya njano ilikuwa inawaka: kengele za moshi za ukumbi mkubwa zimezimwa. Mapazia yale, samli ile, na kengele zimezimwa! Haikumjia akilini kwamba hoteli imezizima makusudi ili ibada ipite salama. Aliona ni uzembe, maana uzembe ndio aliouona miaka yote. Ufunguo ulikuwa umeachwa palepale. Akaugeuza, akabonyeza, taa ya njano ikazimika. Akarudi ukumbini ametulia, kama mtu aliyetenda wema na hataki kusifiwa.

Bwana harusi aliwasili juu ya farasi wa kukodi, ambaye alisimama mlangoni akala nusu ya shada la maua la aliyempanda. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Ndoo naye akapiga. Mwendesha ibada, pandit, alikuwa mzee mwembamba mwenye saa mbili, moja kila mkono, ya pili kwa ajili ya kuihakiki ya kwanza. Nyota zilikuwa zimeamua kwamba ndoa ifungwe kabla ya saa tisa na dakika arobaini alasiri. Baada ya hapo, alisema, hata akiombwa na mfalme hafungi.

Moto ukawashwa. Ndoo alisimama nyuma ya Sauti na sinia la bisi, na blanketi lake kwapani, kwa kuwa meza ya zawadi ilikuwa mbali mno na moto kwa kitu kama kile. Pandit akasoma, akamimina samli kwa kijiko kirefu, ndimi zikaruka. Kila kijiko, goti la Ndoo liliruka nazo. Wakazunguka mara ya kwanza, moto kulia kwao, ushungi wa Sauti umefungwa fundo na kitambaa cha bwana harusi. Ndoo akamtilia bisi viganjani, naye akazitupa motoni, zikalia pa-pa-pa. Hakumwaga hata moja. Alimwona Shangazi akitikisa kichwa kwa mbali, si kwa kukubali, lakini si kwa kukataa pia. Mara ya pili, vilevile. Bado mbili.

Kisha pandit akamimina kijiko kikubwa. Moto ukapanda hadi kifuani, na Ndoo akaona pindo la sari ya Sauti linawaka.

Alikuwa na hakika. Hata leo ukimuuliza atakwambia aliona. Mikono haikumsubiri, utepe haukuwepo tena, karatasi ilichanika kwa mvuto mmoja, na ndani ya sekunde moja na nusu, muda ambao pale kituoni ungemletea cheti, blanketi lilikuwa limelala juu ya beseni, kingo zote zimebanwa, moto umekufa.

Hata mpiga picha alisahau kupiga.

"Kaka," Sauti alisema polepole, "ile ilikuwa dhahabu."

Alitazama. Pindo la sari lilikuwa zima, limetariziwa nyuzi za dhahabu, linameremeta kwa taa za kibanda. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kuhusu moto ukifunikwa hawakuacha neno. Ndoo alitamani sakafu ipasuke. Hakupasukiwa na sakafu. Badala yake moshi uliobanwa ulipenya ukingo wa blanketi, ukapanda taratibu kwenye dari, ukaikuta kengele ambayo yeye mwenyewe aliiamsha, nayo ikalia.

Hapo angalau alijua la kufanya. Akafungua milango yote miwili, akawapanga watu safu mbili, wazee mbele, akapiga kelele kwa lugha yake mwenyewe na wote wakamwelewa, kwa maana kuna sauti ambayo haihitaji kamusi. Ndani ya dakika nne ukumbi ulikuwa mtupu. Yeye alitoka wa mwisho, beseni ndani ya blanketi mkono mmoja, ndoo ya utepe mkono wa pili, akawakuta wote kwenye maegesho ya magari, chini ya kibao cha kijani chenye picha ya watu wanne na mishale: mahali pa kukusanyikia. Akawahesabu. Mia mbili na kumi, na farasi.

"Hesabu imetimia," alisema.

"Hesabu!" Shangazi alifoka. "Umeua moto wa ndoa, unaniletea hesabu!"

Pandit alizitazama saa zake zote mbili, akazungumza kwa upole wa kutisha, Shangazi akatafsiri. "Anasema moto ndio shahidi wa ndoa. Shahidi akitolewa mahakamani, kesi inaanza upya. Mizunguko yote minne. Ni saa tisa na dakika kumi na mbili. Na anasema..." Alisita, kana kwamba kilichofuata kilimkaa vibaya mdomoni. "Anasema aliyemtoa shahidi ndiye amrudishe."

Binamu aliyekuwa tayari alishapiga hatua mbele, akapiga nyingine ya kurudi nyuma.

Ndoo akapiga magoti mbele ya beseni. Akapewa kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ilivunjika. Ya tatu iliwaka upande wa kidole chake, akaizima upesi, kwa mazoea.

"Huwezi kuwasha kiberiti?" Shangazi aliuliza.

"Sijawahi, Shangazi."

"Miaka ishirini na miwili ya moto!"

"Ya kuuzima. Kuwasha anawasha mke wangu. Mimi nikiingia jikoni nasimama mlangoni naangalia."

Shangazi, sari yake ya sherehe na yote, akachuchumaa kando yake juu ya lami. "Usiishike kama unamkamata mwizi. Kinga kwa kiganja, hivi. Sogeza kwenye kafuri kwanza, hii nyeupe, inashika upesi. Sasa mwache apumue." Kafuri ikashika, mwali mdogo wa buluu, mwembamba kama ukucha. Ndoo akaukinga kwa mikono yote miwili, akaupulizia kidogo, na kwa mara ya kwanza maishani akamwomba Mungu moto usizimike.

Ving'ora ndipo vilipoingia getini.

Magari mawili, mekundu, yenye afya kuliko yale ya kituoni kwao, na kabla hayajasimama vizuri mpira wa maji ulikuwa umeshakunjuliwa. Kamanda wao, mwanamke mrefu mwenye kofia nyeupe, aliona moshi, aliona mwali, aliona umati wenye mavazi marefu, akanyoosha mkono. Ndoo aliijua ishara ile. Alishaitoa mwenyewe mara mia. Ina maana: pale, piga.

Akasimama kati ya mpira na beseni.

Hakuwa na neno hata moja la lugha yao. Akainua mikono juu ya kichwa, akaipishanisha mara mbili: funga maji. Askari mwenye mpira aliganda. Ishara ni ileile kila mahali, na aliyeitoa aliitoa kama mtu mwenye cheo. Kamanda akaja mbio, akamtazama suti, akamtazama viatu, akatazama beseni. Ndoo akaashiria ndoo yake: maji yapo, hatua moja kutoka kwenye moto, upande wa kulia, ujazo kamili. Akaashiria blanketi. Akaashiria umbali wa magari, akapima upepo kwa kidole. Mwisho, kwa kuwa hakujua ishara ya ndoa, akamwonyesha Sauti, hina, dhahabu na machozi, kisha akajiwekea mkono kifuani.

Kamanda aliitazama ile ndoo yenye utepe mwekundu kwa muda mrefu. Sijui alichokiona. Labda hata yeye kwao wanamtania. Aligeuka akasema maneno mawili, na mpira ukalala chini.

Upepo ulikuwa bado unauonea moto. Kamanda akalichukua blanketi la Ndoo, akampa askari mmoja pembe moja na mwingine pembe nyingine, wakalisimamisha kama ukuta. Wengine wakafungua makoti yao mazito wakaziba nafasi zilizobaki. Kibanda cha maua kilibaki ukumbini. Hiki kilikuwa cha askari tisa wa zimamoto wanaozuia moto usizimike, na nyuso zao zilionyesha kwamba hawatakuja kulisimulia jambo hili kituoni.

Pandit akaanza. Alisoma kwa kasi ya mnadani. Mzunguko wa kwanza, bisi, wa pili, bisi. Saa tisa na dakika thelathini na mbili. Wa tatu. Mzunguko wa mwisho ilikuwa zamu ya bibi harusi kuongoza, na alipofika nusu upepo ukageuka, ukaruka juu ya blanketi, ukamwaga moshi wote usoni kwake. Sauti akasimama. Ushungi ulimfunika, macho yalikuwa yanachuruzika, mikono imejaa bisi asizoruhusiwa kuzimwaga. Nyuma yake daktari wa meno alikuwa anakohoa, amefungwa fundo, hana msaada.

"Kaka," alisema, "sioni."

Pandit alikuwa anatazama saa. Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Ndoo hakuinua sauti. Aliisikia ikitoka yenyewe, tulivu, kama ya mtu anayesoma vitu vya kununua sokoni.

"Sauti, hapa Ndoo. Nakuona vizuri. Moto uko kulia kwako, usiuache. Nakuhesabia. Moja. Mbili. Pinda kidogo. Tatu."

Sauti alicheka ndani ya moshi, kicheko chenye kilio, akatembea. Nne. Tano. Sita. Akaambiwa tupa, akatupa, bisi zikalia motoni. Pandit akatamka la mwisho, akashusha mikono yote miwili. Saa tisa na dakika thelathini na nane. Watu mia mbili na kumi wakapiga makelele, askari tisa wakapiga makelele, farasi akakimbia.

Baadaye wageni walirudi ukumbini kula. Ndoo hakwenda. Alikuwa amemuuliza pandit, kupitia Shangazi, moto huu unazimwa saa ngapi, na pandit akamtazama kwa huruma. Hauzimwi. Unaachwa ufe wenyewe. Basi akageuza ndoo tupu ya hoteli akaikalia kando ya beseni, na yule kamanda, ambaye kwa kanuni haruhusiwi kuondoka moto ukiwa hai, akageuza nyingine akakaa upande wa pili. Hawakuwa na lugha. Walitazama tu. Katika miaka yote ile, Ndoo hakuwahi kuona moto ukifa kifo chake mwenyewe. Hakujua kwamba huwa na muda mrefu hivyo wa uwekundu, na kwamba mtu anaweza kuukalia karibu bila kuogopa.

Shangazi alikuja na sahani mbili za chakula. Kamanda alipokea yake, akamwonyesha fomu ya tukio, akauliza, na wanawake wawili wakaijaza pamoja, Shangazi akijibu kwa ufupi na kalamu ikiandika. Mara moja tu kamanda alimwelekezea Ndoo kidole, akauliza kitu kirefu kidogo. Shangazi akajibu kwa neno moja.

"Amesemaje?" Ndoo aliuliza.

"Anauliza, wewe mwenye moto huu, yule bibi harusi ni nani wako."

"Ukamwambiaje?"

Shangazi alichukua blanketi lililokuwa chini, limejaa masizi, akalikung'uta, akalikunja mara nne kama nguo ya kwenda kuhifadhiwa kabatini.

"Kula, chakula kinapoa," alisema. "Nimemwambia ni dada yako."